Maswali yenu: Ihefu, kambale wa kwenye tope na banio lililoachwa wazi

Toleo lililopita niliandika kipande kifupi kuhusu Ihefu, lile tindiga kubwa, yaani ardhi oevu, la Usangu kule Mbarali ambalo mto Ruaha Mkuu unalipitia kabla haujaingia hifadhi ya taifa ya Ruaha, nikasema mto ule unakatika kila kiangazi. Kumbe nimegusa watu. Meseji zimeingia kutoka Rujewa, Ubaruku, Ifakara, Iringa, hadi Muscat, na karibu zote ni za watu wanaoyajua maji hayo kwa miguu yao. Ukurasa ni mmoja na maswali ni mengi, kwa hiyo yaliyofanana nimeyaunganisha na marefu nimeyapunguza. Mimi mwenyewe nimekulia Chimala, nimeogea mfereji na kuvua kambale humohumo, msishangae nikiongea sana mahali fulani.

Habari za kazi mwandishi. Nafundisha Iringa mjini. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja tulipeleka wanafunzi hifadhi ya Ruaha, tukakuta mto ni mchanga mtupu, tembo wanachimba kwa miguu kutafuta maji. Aliyekuwa anatuongoza akasema huko juu tindiga bado lina maji. Sasa kama lina maji, inakuaje mto unaotoka humo uwe mkavu? Wanafunzi waliniuliza nikakosa jibu. (Mwalimu, Iringa)

Salama mwalimu, na swali lako ndo lenyewe, mana ukilielewa hili mengine yote yanafuata. Chukua beseni lenye ufa juu karibu na ukingo. Ukimimina maji yakafika kwenye ufa yanatoka, yakishuka chini ya ufa hata nusu kidole halitoki tone, na beseni bado lina maji. Ihefu ni hivohivo. Upande wa kutokea, mahali panaitwa Ng'iriama, kuna mwamba umekatiza chini ya mto, huo mwamba ndo kizingiti cha tindiga zima. Maji yakiwa juu yake mto unatembea kwenda hifadhini, yakishuka chini yake mto unasimama, ndo hicho mlichokikuta nyie, na nyuma ya mwamba tindiga liko palepale na viboko wake na matete yake.

Sasa yanashukaje? Mito inayolisha Usangu inatoka milimani, Ruaha Mkuu wenyewe, Kimani, Chimala, Mbarali, na Ndembera unaokuja kutoka upande wa Mufindi, pamoja na vijito vingine vingi vinavyokauka na kurudi. Kule juu Uporoto na Kipengere mvua inapita milimita 1,000 kwa mwaka, huku chini bondeni ni ndogo zaidi, yaani Usangu inaishi kwa mvua ya jirani. Maji yakifika bondeni yanatandaa. Ihefu sio shimo refu, ni uwanja mpana wa maji ya magoti na kiuno uliojaa matete na majani, na jua la mwezi wa tisa na wa kumi linayachukua kwa juu huku mizizi inayachukua kwa chini. Kwa hiyo kila siku inayokucha tindiga lina deni la kulipa kwa jua, na kama maji yanayoingia ni pungufu ya hilo deni basi kina kinashuka, kinashuka, mpaka siku moja mwamba unatokeza.

Zamani maji ya kiangazi yalitosha kulipa deni na kubakiza ya mto. Mwaka 1993 ndo Ruaha Mkuu ulikatika ndani ya hifadhi, na tangu hapo imekuwa kama ada, miaka mingine wiki chache, miaka mingine miezi. Waambie wanafunzi wafanye jaribio la beseni darasani, na waweke beseni juani siku mbili bila kuongeza maji. Wataona wenyewe.

Shikamoo mwandishi. Mimi ni mfugaji, nimezaliwa na ng'ombe. Kila mto ukikauka tunaambiwa ni sisi. Tulihamishwa, ng'ombe wetu walihamishwa, mbona mto bado unakauka? Naomba ujibu kwa haki. (Mzee, zamani Usangu sasa Lindi)

Shikamoo wewe mzee wangu, mimi ndo mdogo hapa. Nitajibu kwa haki kadiri ninavyojua.

Ni kweli mlihamishwa. Usangu ilitangazwa pori la akiba mwaka 1998, mwaka 2006 na 2007 wafugaji na ng'ombe wao wakaondolewa, wengi wakaelekezwa huko Lindi na Pwani, na mwaka 2008 eneo hilo likaingizwa kwenye hifadhi ya taifa ya Ruaha ambayo ikafikia kilomita za mraba zaidi ya 20,000. Na ni kweli pia kwamba baada ya hapo mto uliendelea kukatika. Hilo peke yake linatosha kutuonyesha kuwa ng'ombe hakuwa jibu la swali la maji. Ng'ombe wengi wanaharibu vitu vingine, sikufichi mzee, wanakanyaga kingo hadi zinabomoka, wanamaliza majani ambayo nyati angeyala, na moto wa kuchoma majani ili yachipue ukishika matete makavu unakwenda na viota na kobe na kila kisichoweza kukimbia. Lakini ng'ombe hata awe na kiu vipi hanywi mto ukaisha.

Maji yanachukuliwa huko juu, kabla hayajafika tindigani. Kilimo cha mpunga cha mfereji Usangu ni cha siku nyingi, yakaja mashamba makubwa ya serikali, Mbarali miaka ya 1970 na Kapunga baadaye, na wakulima wadogo nao wakachimba mifereji yao, mabanio, yale ya kuziba mto na kugeuza maji yaingie mferejini, yakaongezeka yakawa mengi mno. Masika hilo sio tatizo sana, maji ni mengi yanatosha wote. Shida ni kuanzia mwezi wa saba hivi. Mpunga umeshavunwa, mashamba ni mabua, lakini banio liko wazi vilevile na maji yanatembea kwenye mfereji kwenda kulowesha ardhi ambayo haina kitu. Mto wa kiangazi ni mwembamba, ukiukata sehemu tano njiani hakuna kinachofika Ihefu. Hapo ndo pa kuangalia, na mimi mtoto wa wakulima ndo nakwambia.

Kuna waliosema pia kuwa umeme unakatika kwa sababu Usangu imekauka. Nalo lina walakini. Bwawa la Mtera, lile la kufua umeme huko chini, linajaa kwa maji ya masika, na linapokea pia Ruaha Mdogo na Kisigo, maji machache ya mwezi wa kumi hayawezi kulijaza wala kulikausha. Anayeumia mto ukikatika kiangazi ni kiboko, samaki, tembo, na mtu wa kijiji aliyeko chini. Mwaka 2001 serikali kupitia waziri mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, iliahidi mto utiririke mwaka mzima ifikapo 2010. Ahadi ilikuwa nzuri. Mwaka 2010 ulipita na mchanga ukaonekana tena.

Pole sana mzee kwa yaliyokukuta. Na ukija kusalimia huku, karibu kwetu.

Habari dada. Mimi ni mama ntilie Rujewa, kambale wakati wa kiangazi wananiletea wakiwa hai kwenye gunia kavu, wametoka huko asubuhi na mchana bado wanaruka. Perege akitoka majini dakika chache kwisha. Kambale ana nini? Na hao wanaochimbwa kwenye tope ni kweli au wananidanganya?

Salama mama. Hawakudanganyi kabisa. Leo ukitengeneza kambale fanya hivi, ukishamuua fungua kile kifuniko cha shavu taratibu kwa kisu, usikate yale matamvua, angalia juu yake nyuma ya kichwa. Utaona kitu chekundu kimejikunjakunja mfano wa kolifulawa ndogo, kama kijiti cha matumbawe chenye damu. Hicho perege hana. Kambale akipandisha mdomo juu ya maji akavuta hewa, hewa inaingia kwenye chumba kile na damu inachukua oksijeni humo, yaani ni kama ana pafu la pembeni. Ndo mana kwenye maji ya tope yaliyooza ambayo perege wote wameelea matumbo juu yeye bado yupo, na ndo mana kwenye gunia lenye unyevu anakaa masaa. Kinachomuua ni kukauka ngozi, kwa hiyo wakimleta na majani mabichi yaliyoloana anakaa zaidi.

Hao wa kwenye tope nimewachimba mimi mwenyewe. Tulikuwa watoto, maji ya mbuga yamerudi nyuma, yamebaki madimbwi halafu madimbwi nayo yamekuwa uji mzito, ukisimama kimya unaona uji unapumua, kipovu hapa, kipovu pale. Unazamisha mkono mpaka begani unapapasa. Ukikuta kitu laini kinachoteleza ujue ni yeye, na ujihadhari na ule mwiba wa pezi la pembeni mana ukikuchoma usiku hulali. Kuna siku tulitoa kumi na moja kwenye dimbwi lisilozidi mkeka mmoja. Masika yakianza na mbuga ikijaa, hao waliobaki kwenye tope na waliobaki tindigani ndo wanapanda kwenye majani yaliyofunikwa na maji kutaga, na vifaranga vyao vinakulia humo kwenye majani ya kina kifupi ambako samaki wakubwa hawaingii. Kwa hiyo mafuriko ya mbuga ndo yanayokuletea samaki gengeni mwaka unaofuata. Mwaka ambao mbuga haikufurika vizuri, uliza wavuvi wako watakwambia.

Mambo vipi. Nasoma chuo Dodoma. Nimeona video ya viboko zaidi ya mia wamebanana kwenye dimbwi la kijani Ruaha, maji yanachemka kwa mapovu. Hawawezi kuhama tu? Na kwa nini samaki wanakufa wakati maji bado yapo?

Poa. Kiboko anakula nchi kavu na anashinda majini. Usiku anatoka anatembea kilomita kadhaa anakula majani, yanafika kilo 40 hivi kwa usiku mmoja, kukipambazuka anarudi. Ngozi yake haivumilii jua, ikikaa kavu inapasuka, ule ute mwekundu anaoutoa ambao watu wanauita jasho la damu unasaidia lakini hautoshi kwa siku nzima ya kiangazi. Kwa hiyo kuhama anahama, ila anahamia kwenye maji mengine, na mto ukikatika maji mengine ni hayo madimbwi machache, wote wanaishia humo.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Kila kiboko anarudi na majani tumboni na anaendea haja majini. Mto ukitembea kinyesi hicho ni mbolea, kinalisha wadudu, wadudu wanalisha samaki, chini huko kila mtu anafaidi. Mto ukisimama kinabaki palepale, kinaoza, na kuoza kunakula oksijeni yote iliyomo kwenye maji. Samaki wanakuja juu kuhema, perege wanatangulia kufa, kambale kama nilivyomweleza mama hapo juu anavumilia zaidi. Hata mamba wengine wanakimbia kabisa maji yale wanajificha kwenye mapango ya kingo wasubiri mvua. Nilisimama pembeni ya dimbwi la namna hiyo mwaka mmoja mwezi wa kumi na moja, harufu ilitufikia mbali kabla hatujaona maji, na kulikuwa na kiboko mdogo amepanda mgongoni kwa mama yake kwa sababu chini hakukuwa na nafasi ya kusimama. Nilikaa kimya muda mrefu. Siku nne baadaye nikasikia mvua imenyesha milimani na maji yamefika.

Nalima mpunga Ubaruku. Kwelea kwelea mwaka huu wametutesa, ndege ya serikali ikaja kupulizia. Baada ya siku mbili nikaona korongo na mwewe wamekufa pembeni ya matete. Je, sumu ile inakaa kwenye maji? Na wale kwelea waliokufa watoto wameokota, kuna shida?

Naanza na la watoto, tafadhali mkulima mwenzangu: kwelea waliouawa kwa dawa wasiliwe, wasichomwe mishikaki, wasipewe kuku wala mbwa. Dawa inayotumika sana kwa kwelea ni ya fenthioni, inashambulia mishipa ya fahamu, na ile iliyoko kwenye manyoya na matumboni mwa ndege haiondoki kwa kumchemsha. Kama kuna mtoto amekula na anatapika, anatokwa mate sana, jasho, mboni za macho zimekuwa ndogo, mkimbizeni hospitali na mseme wazi ni sumu ya kuulia kwelea. Kuna sehemu watu wanakula kwelea miaka yote, kule Kondoa kwa mfano wanawatega kwa nyavu, hao ni chakula kizuri kabisa, ila ni wa kutega.

Hao korongo na mwewe waliokufa ni kwa sababu hiyohiyo. Kwelea wakilala kwenye matete usiku wanaweza kuwa laki, wanaweza kuwa milioni, ndo mana ndege inakuja jioni wakati wamejikusanya. Dawa inaua wengi lakini sio wote papo hapo, wengine wanaanguka wanapapatika, na mwewe, korongo marabu, hata fisi na nyegere wanaona mlo wa bure. Na kwenye matete hakulali kwelea peke yao. Kuna minana, kuna yangeyange, kuna kina kongoti, kuna vyura na wadudu, na dawa ikitua majini inawadhuru samaki na wadudu wa maji vilevile.

Lakini siwezi kukwambia uache mpunga uliwe. Kwelea mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, kundi la milioni moja ni tani 10, na kundi la milioni kule kwetu sio habari ya kutunga. Ninachosema ni kwamba dawa ingekuwa ya mwisho. Kuamia, yaani kufukuza ndege shambani, kukianza mapema, wakati mpunga uko kwenye maziwa, na mkiamia shamba zima la skimu kwa pamoja sio kila mtu kivyake, mnaokoa sana. Kingine ni kupanda kwa wakati mmoja. Ukiwa umechelewa peke yako wiki tatu, kwelea wote wa kijiji ni wako. Kingine ni kuwahi kutoa taarifa mkiona wanaanza kujenga kwenye migunga, mana wanajenga, wanataga, wanalea na makinda yanaruka chini ya wiki sita, ukichelewa kusema wameshaongezeka. Na siku ya kupulizia muombe bwana shamba awaambie eneo gani, watoto na mifugo na wavuvi wakae mbali, mizoga iokotwe na kufukiwa kabla mwewe hawajashuka. Hilo la mizoga tunalipuuza sana na halihitaji pesa, linahitaji glavu, jembe na asubuhi moja.

Mimi ni wa Ifakara. Babu yangu alikuwa anasema bonde la Kilombero lilikuwa linang'aa kwa sheshe. Mimi nimekua sijaona hata mmoja, namwona kwenye kalenda. Wapo kweli?

Wapo, ila babu yako hakukuongezea chumvi. Kilombero ndo palikuwa makao makuu ya sheshe, yule swala wa mabondeni, duniani, wakati mmoja ilihesabiwa kwamba robo tatu ya sheshe wote wa dunia wako hapo bondeni kwenu, waliobaki wako Zambia zaidi, na hapa kwetu kidogo upande wa ziwa Rukwa. Rangi yake ni ya dhahabu, dume tu ndo ana pembe, na akishtuka anapiga mluzi. Usimchanganye na tohe, tohe analala kwenye majani mpaka unamkanyaga ndo anachomoka, na pembe zake zinaangalia mbele.

Sheshe anaishi kwa kufuata ukingo wa maji. Masika bonde likijaa anasogea pembeni karibu na miombo, maji yakirudi anayafuata anakula majani machanga yanayoota kwenye tope. Sasa pembeni kwa juu kumelimwa, katikati kwa chini kuna ng'ombe, na kwenye njia kuna mitego. Ule mstari wa yeye kupanda na kushuka umekatwa pande zote mbili, na mnyama wa namna hiyo hawezi kukaa sehemu moja mwaka mzima. Kilombero ilitambuliwa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar, ule wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2002, na mto wenu unapeleka zaidi ya nusu ya maji yote ya Rufiji, lakini cheti hakimfukuzi mtega mitego.

Na kwa sababu unatoka Ifakara, nikupe kingine cha kutafuta. Kuna mnana wenu, mnana wa Kilombero, wa manjano, anayejenga kwenye matete ya mto tu. Wanasayansi walimtambua rasmi mwaka 1990, kabla ya hapo dunia haikuwa na jina lake, na hapatikani popote pengine isipokuwa bonde hilo. Shuka mtoni asubuhi, angalia matete yanayoning'inia juu ya maji, viota vinaonekana kwa macho. Ukimwona niandikie.

Salaam kutoka Muscat. Nimezaliwa upande wa Tabora, nimeondoka mdogo. Marehemu baba alikuwa akihadithia mnyama kama mbuzi anayelala ndani ya maji, pua tu ndo inaonekana. Ndugu zangu huku wanasema ni hadithi ya kulaza watoto. Ni kweli yupo?

Wa alaykum salaam ndugu yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Yupo, anaitwa nzohe. Ni jamaa wa pongo na tandala, manyoya yake ni marefu yana mafuta kidogo, na kwato zake ni ndefu zinapanuka akikanyaga ili asizame kwenye mafunjo yaliyolala juu ya maji. Kwenye nchi kavu anakimbia vibaya, anajikwaa, ila ndani ya tindiga mbwa hamshiki. Akiandamwa anaingia majini anazama wote anabakiza pua, kama alivyosema mzee. Huko kwenu ni tindiga la Malagarasi na Muyovozi, ndo lililokuwa eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa Ramsar mwaka 2000, na lina kilomita za mraba zaidi ya 30,000, yaani Oman nzima ikigawanywa mara kumi utakuwa umekaribia kipande chake. Waambie ndugu zako baba alikuwa anahadithia alichokiona.

Shikamoo. Mimi ni mkulima mdogo, nina ekari tatu na niko mwisho kabisa wa mfereji, maji yananifikia wiki tatu baada ya wenzangu wa juu. Nimesoma makala yako nikasema mimi na hilo tindiga tuna shida moja. Tufanye nini, sisi watu wadogo, manake kila mkutano tunaambiwa tuhifadhi maji na hakuna anayesema tuhifadhije.

Marahaba. Umesema neno ambalo sijalisoma kwenye ripoti yoyote, na ni kweli kabisa, wewe na Ihefu wote mko mkiani. Maji yakimalizwa juu, wa kwanza kukosa ni wewe, wa pili ni yeye.

Shambani, kitu kinachofanya kazi ni kilimo shadidi. Miche inahamishwa ikiwa michanga, siku 8 hadi 12, mche mmoja mmoja, nafasi sentimita 25 kwa 25, na majaruba hayajazwi maji muda wote, yanaloweshwa, yanaachwa yakauke mpaka udongo uanze kupasuka vinyufa, yanaloweshwa tena. Magugu yataongezeka, hilo lazima nikwambie ukweli, utahitaji palizi ya mashine ile ya kusukuma na mikono ya ziada. Lakini mbegu inapungua sana na maji yanapungua, na mtu wa juu akilima hivo wewe wa chini unapata mapema. Tatizo ni kwamba anayebana maji ni wa juu na anayefaidi ni wewe, kwa hiyo hili haliwezekani shamba moja moja, linapitia kwenye jumuiya ya watumia maji, na zamu ziandikwe na zisomwe mbele ya watu wote.

La pili, vitalu. Kila mtu akianza kitalu kwa wakati wake, mfereji mzima unafunguliwa miezi miwili kwa ajili ya vipande vidogovidogo. Mkikubaliana kuweka vitalu sehemu moja karibu na banio, wiki za mwanzo mnatumia maji ya ndoo badala ya maji ya mto.

La tatu ndo kubwa kuliko yote na ndo nililolianza kwenye jibu la mzee wa Lindi. Banio. Nimewauliza watu wengi kwa nini hawafungi baada ya mavuno na jibu ni moja, mfereji huohuo ndo maji ya kunywa, ya kufyatulia tofali, ya kunyweshea ng'ombe. Nawaelewa, mama yangu alichota humo miaka yote. Lakini hebu angalia, kijiji kinatumia ndoo, na mfereji unapeleka mto mzima ili ndoo zijae. Kisima kimoja cha pampu au bomba kutoka juu kinafunga sababu hiyo, na pesa ya mradi mmoja wa namna hiyo inarudisha maji mengi kwa tindiga kuliko semina nyingi. Kwenye mkutano ujao ombeni hicho, kwa maandishi, mkitaja mfereji kwa jina na mwezi kwa jina, na nakala mpeleke Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji kwa sababu wao ndo wanaotoa vibali na kwenye kibali huwa kuna kiasi cha masika na kiasi cha kiangazi.

Sisi nyumbani banio letu lilikuwa la magogo na mifuko ya mchanga. Mwaka mmoja, nilikuwa darasa la sita, marehemu baba mkubwa aliamua tu mwezi wa nane, akashuka na vijana watatu, wakasogeza magogo, wakajaza mifuko, wakakandika na tope na migomba. Ilichukua asubuhi nzima. Mchana tulikuwa darajani na tukasikia maji kabla hatujayaona, yanakuja yanasukuma majani makavu na povu mbele yake, na yangeyange wawili wanatembea pembeni yanapofika wanadokoa panzi wanaokimbia.

Mkikubaliana kufunga la kwenu, hata kwa nusu tu, niandikie siku na saa mliyofunga. Nataka nije nisimame chini huko niangalie yanafika lini.